Sevo Kiziwi

Kabla hamjaanza kucheka, maana najua mtacheka, niseme mapema: ndiyo, hii ni habari ya watu wazima wanaocheza na magari ya rimoti. Watu wenye ndevu na wakwe, watu ambao magoti yao huwaambia mvua inakuja, wanakusanyika kila Jumamosi kwenye uwanja wa saruji nyuma ya kinu cha unga, wakishindanisha vigari vinavyoingia chini ya kitanda. Chekeni basi. Mkimaliza tuendelee, kwa sababu huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Palikuwa na mwanamke aliyeitwa Koleo. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata kwa sababu tangu usichana hakuonekana bila koleo mfukoni, na kwa sababu akishika jambo haachii. Alikuwa fundi wa redio na televisheni, na kibanda chake kilikuwa na meza moja, taa ya shingo ndefu, makopo ya skrubu, na rafu iliyojaa redio ambazo wenyewe walikwisha kuzisahau. Kaka yake wa tumbo moja aliitwa Usukani. Huyo alikuwa dereva wa lori la mafuta, lile refu lenye tumbo la bati, na madereva wenzake wakikutana naye njiani walimpigia honi kwa heshima.

Baba yao alipofariki, Usukani aliacha shule akapanda lori kama utingo, ili mdogo wake asome ufundi. Yeye mwenyewe hakulisema jambo hilo hata siku moja. Aliyekuwa akilisema ni mkewe, yaani wifi yake Koleo, tena alilisema kwa nafasi yoyote iliyojitokeza, hata mkiwa mnazungumzia bei ya nyanya. Koleo alizoea. Hata hivyo lilikuwa kweli.

Tangu enzi za magari ya waya na visoda, mgawanyo wao ulikuwa mmoja: Koleo anaunda, Usukani anaendesha. Hawakuwahi kubadilishana. Gari lao la sasa lilikuwa jekundu, wakaliita Pilipili, na kwa miaka lilikuwa likiwanyoosha wenzao pale kinuni. Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo ndugu hawa walikaa pamoja bila mtu wa tatu kuwaingilia. Usukani akishinda alimtazama mdogo wake kabla hajamtazama mtu mwingine yeyote, na Koleo, ambaye hakuolewa wala hakuona haja, aliishi wiki nzima kwa mtazamo huo.

Kisha gari likaanza kutetemeka.

Lilianza kidogo tu. Kwenye mstari ulionyooka, pale ambapo gari linatakiwa liende bila kuguswa, magurudumu ya mbele yakawa yanapapatika, kushoto kulia, kushoto kulia, na Pilipili akayumba kama kuku aliyemwagiwa maji.

"Sevo hiyo," alisema Usukani. "Fundi, sevo yako imekufa."

Kwa msiojua, sevo ni kile kisanduku kidogo chenye mota na gia ndani yake kinachogeuza magurudumu ya mbele. Wewe unazungusha kigurudumu cha sponji kwenye rimoti, risiva iliyo ndani ya gari inasikia, inaiambia sevo, sevo inavuta mkono wake, gari linakata kona. Sevo ikiwa mbovu, hata uwe dereva wa namna gani, utaishia ukutani. Kwa hiyo Usukani hakusema upuuzi. Koleo aliifungua ile sevo akakuta gia zake za plastiki zimelika, na nakwambia alifurahi, maana fundi akiona jino lililolika ni kama daktari aliyemwona mdudu mwenyewe. Akachagua sevo nyingine, ya gia za chuma, yenye nguvu na wepesi.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanatafuta sevo yenye nguvu, wanasahau kwamba mwenye nguvu anakula. Sevo na risiva hunywa umeme kutoka bomba moja jembamba, yaani kisanduku kingine kinachodhibiti mwendo wa gari. Sevo kali ikikata kona kwa nguvu inagugumia umeme wote, risiva inabaki na kiu, inazimika kidogo, na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Yalimkuta kinyozi, mpinzani wao mkubwa. Gari lake liliacha kona likaingia mtaroni, mwenyewe kabaki anaminya rimoti na kuitukana. Koleo hakuwa wa kufanya kosa hilo. Aliipa sevo njia yake ya umeme kutoka kwenye betri, yenye kifaa cha kuushusha mpaka kiasi inachostahimili, akaweka nyaya nene, akalehemu na kapasita karibu na risiva iwe akiba ya umeme wa dharura. Kazi safi, kazi ya kupigiwa picha.

Jumamosi iliyofuata gari lilitetemeka zaidi.

"Pilipili ana homa!" kinyozi alipiga kelele. "Jamani, mfunikeni blanketi!"

Watu walicheka, na Usukani alicheka nao. Jumamosi iliyofuata hakucheka. Ile nyingine tena, mbele ya kila mtu, alisema, "Fundi wangu amezeeka kabla yangu," na Koleo, aliyekuwa amepiga magoti akifunga skrubu, alihisi masikio yanawaka moto. Alirudi kibandani akabadilisha nyaya, akabadilisha betri, akabadilisha risiva, akatafuta sevo kali kuliko ile, inayosikia hata mguso mdogo wa kidole. Na kila alipoweka sevo bora zaidi, gari lilitetemeka zaidi. Hilo peke yake lingetosha kumfumbua macho, lakini fundi akishaanza kushuku waya haoni kitu kingine. Sisi sote tuko hivyo, msimcheke.

Siku moja mchana aliliweka gari juu ya kopo la rangi, magurudumu yakiwa hewani, akaiwasha rimoti akaiacha mezani. Tuli. Akaendelea na televisheni ya mteja, huku akitupia jicho. Tuli. Akaishika rimoti mwenyewe, akakizungusha kigurudumu kidogo. Magurudumu yakaenda kidogo, yakarudi, yakasimama. Sevo ilikuwa nzima, umeme umetulia, hakuna mahali pa kulaumu. Akalitia gari kwenye kapu, akafunga kibanda, akaenda kwa kaka yake.

Usukani alikuwa sebuleni, amenyoosha miguu, siku yake ya mapumziko. Koleo akaliweka gari juu ya stuli, akampa rimoti.

"Shika tu, kaka. Usizungushe kitu."

Akashika. Magurudumu yakaanza: kushoto kulia, kushoto kulia.

"Unaona?" Usukani alisema kwa ushindi. "Unaona sasa? Sizungushi kitu mimi!"

Na kweli hakuwa anazungusha. Koleo aliyatazama magurudumu, kisha akaifuata amri kule ilikotoka, kama anavyofuata waya kwenye redio iliyokufa, mpaka akafika kwenye vidole vya kaka yake vilivyoshika kile kigurudumu cha sponji. Vilikuwa vinacheza vyenyewe, kama vya mtu anayepepeta unga. Mwenyewe alikuwa anayatazama magurudumu na kutabasamu.

"Eh," alisema Koleo. "Nimeona. Acha niende nalo tena."

Akaingia jikoni. Wifi yake alikuwa anamimina chai. Kikombe chake alikijaza, cha mumewe akakiachia nusu.

"Mbona nusu?" Koleo aliuliza.

"Hapendi kijae."

"Tangu lini?"

Wifi akaiweka birika chini, akausukuma mlango kwa kisigino ukafunga.

"Umeona nini?"

"Nimeona mikono, wifi."

"Hujaona kitu."

"Wifi..."

"Nimesema hujaona kitu! Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati kila asubuhi, na mimi sijaona kitu. Wewe wa kuja mara moja moja na kapu lako umeona nini?"

"Anaendesha mafuta yule."

"Na anayaendesha vizuri. Usukani wa lori ni mzito, unamtuliza. Karibu anastaafu, bado kidogo tu." Sauti ikamshuka. "Ukisema leo watamtoa. Wakimtoa atakuwa nani? Niambie. Umewahi kumwona kaka yako akiwa mtu mwingine zaidi ya dereva? Wewe una ufundi wako, na huo ufundi ulisomea juu ya mgongo wa nani?"

Likatoka tena lile neno, na safari hii lilichoma. Koleo alisimama pale akiitazama ile nusu kikombe. Alitaka kusema mengi. Alichosema ni, "Sawa, wifi," akachukua kapu lake akaondoka kwa mlango wa nyuma.

Sasa sikilizeni alichofanya, mniambie kama nyie msingekifanya. Aliona kwamba mikono hawezi kuitengeneza, lakini gari anaweza. Angalau kaka yake asichekwe. Chini kabisa ya kopo moja alikuwa na sevo kuukuu aliyoitoa kwenye boti la kuchezea lililovunjika, sevo moja nzito isiyoshtuka kwa jambo dogo. Unaigusia amri imelala. Mpaka uzungushe hasa ndipo inaamka, tena kwa uvivu. Yeye mwenyewe aliiita sevo kiziwi. Asingeliweka dude hilo hata kwenye gari la adui yake. Akaliweka kwenye Pilipili, akafunika bodi, akakaza skrubu.

Jumamosi ile gari lilinyooka. Kwenye kona lilichelewa kidogo, lakini Usukani alizoea lori, na lori nalo halikati kona kwa kukurupuka. Akajua kuanza kugeuza mapema. Akampita kinyozi kwenye mzunguko wa mwisho. Uwanja ukalipuka kwa kelele. Usukani aliitupa rimoti kwa mtu aliyekuwa karibu, akaja mbio, akamwinua mdogo wake juu, mwanamke mzima, miguu inaning'inia.

"Si nilisema?" alikuwa akipiga kelele. "Si nilisema ni sevo? Si nilisema jamani?"

"Ulisema, kaka," Koleo alijibu, akicheka huku machozi yanamtoka. Watu walidhani ni furaha, na kwa sehemu ilikuwa furaha kweli. Mbele ya macho yao alikuwa amerudishiwa kaka yake.

Siku chache baadaye alikuja mtu kibandani. Alikuwa utingo wa Usukani, mzee mwenye mvi na wajukuu, aliyekaa kiti cha pembeni cha lori lile miaka mingi. Mkononi alikuwa na redio ambayo Koleo aliifungua akakuta haina ubovu wowote.

"Najua," alisema mzee. "Nilitaka sababu ya kuja. Dada, kaka yako mzima?"

"Kwa nini unaniuliza mimi?"

"Kwa sababu nikimuuliza mkewe anafunga mlango." Akaketi juu ya kreti. "Mwezi uliopita alisimamisha lori njiani, hakuna tairi lililopasuka wala nini. Akaitazama mikono yake muda mrefu. Akaniambia, 'Mzee, nadhani sasa basi. Kwenye lori siioni sana ikitetemeka, lakini kwenye kile kigari naiona. Namwachia mdogo wangu amalize sevo zote anazozijua. Zikishindikana zote, ni mimi, na nitakwenda kuomba wanishushe.' Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Wiki hii kaja anaimba. Eti, 'Ilikuwa sevo, mzee! Nilidhani ni mimi, kumbe ni sevo!' Na njia ya milimani, ile ya kona na mteremko, aliyokuwa ameikataa, ameikubali. Tunaondoka Jumatatu."

Koleo akawa anaifunga tena ile redio.

"Juzi tulipanda ukingo wa barabara," utingo aliendelea kwa sauti ya chini. "Akasema ni upepo. Mimi siku hizi nakaa nimeshika mlango, dada. Mtu mzima mimi, nashika mlango kama abiria."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Yule bwana hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa amemkabidhi mdogo wake swali la maisha yake, bila kumwambia, kwa kuwa alimwamini kuliko daktari yeyote. Na mdogo wake akalijibu kwa sevo iliyotoka kwenye boti bovu. Mtajiuliza kwa nini asimwambie tu Koleo wazi. Na mimi nauliza. Watu wa nyumba ile walipendana sana, ila kuambiana hawakujua.

Koleo alifunga kibanda saa hiyo hiyo. Alimkuta kaka yake barazani, anampangusa Pilipili kwa kitambaa.

"Kaka, hiyo sevo ni mbovu."

"Mbovu gani inayoshinda?" Usukani alicheka. "Ongeza nyingine kama hiyo."

"Haisikii. Nimeiweka kwa sababu haisikii. Zile za kwanza zote zilikuwa nzima, zilikuwa zinasema ukweli. Ni mikono yako, kaka. Inatetemeka. Niliona nikaficha, nimekukosea. Usiende milimani."

Kicheko kikamwisha taratibu. Akaweka kitambaa chini, akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya uso wa dada yake. Na mkono ule, kwa ujeuri wake, ukatulia. Ndivyo maradhi yale yalivyo: yanatikisa mkono uliopumzika, ukiukaza yananyamaza.

"Uko wapi mtetemo? Nionyeshe."

"Kaka..."

"Nionyeshe!"

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Koleo akamgeukia. "Wifi, mwambie. Mwambie habari za vifungo. Mwambie kuhusu chai."

Wifi akatazama sakafu. "Mimi sijui mambo ya sevo," alisema.

Usukani alitikisa kichwa polepole. "Tangu utotoni mimi naendesha, wewe unabaki na waya. Watu waliniambia una kijicho, nikagombana nao. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako." Akamsukumia gari kifuani. "Chaji betri, kaza skrubu, Jumamosi ulilete uwanjani. Hiyo ndiyo kazi yako. Hayo maneno mengine uyaache huko huko kwenye makopo."

Koleo alitembea na gari kifuani njia nzima, analia waziwazi barabarani, bila kujali nani anamtazama. Alikuwa na hasira na wifi yake, na kaka yake, na zaidi ya wote alikuwa na hasira na mikono yake mwenyewe, iliyokuwa mizima kabisa.

Jumamosi asubuhi aliitoa sevo kiziwi, akairudisha ile kali kuliko zote, yenye umeme wake na kapasita yake.

Siku hiyo uwanja ulijaa. Madereva wa yadi ya malori walikuja pamoja na msimamizi wao, kwa kuwa kupewa njia ya milimani ni cheo, na walitaka kumuaga mwenzao kwa shangwe. Wifi alikuja, amevaa vizuri. Utingo alisimama pembeni. Koleo alimwona msimamizi tangu mbali. Angeweza kusema gari lina hitilafu, akasubiri watu watawanyike. Alilifikiria jambo hilo vizuri, na akaona kwamba wakiwa wawili tu kaka yake atanyoosha mkono tena, utatulia tena, na Jumatatu ataondoka.

Wakaanza. Pilipili hakumaliza hata mstari wa kwanza. Alipapatika hivi na hivi, akagonga tairi kuukuu lililowekwa ukingoni mwa uwanja, akageuka kifudifudi.

"Umeirudisha ile mbovu!" Usukani alinguruma.

"Nimeirudisha ile nzima."

Koleo akaingia katikati ya uwanja, magari ya wengine yakimpita miguuni. Akamwokota Pilipili, akaja naye mbele ya kaka yake, akamweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Magurudumu yalikuwa hewani, yanacheza. Watu wakasogea.

"Weka rimoti chini, kaka."

"Wewe una wazimu?"

"Iweke chini."

Akaibwaga kwenye meza iliyokuwa kando. Magurudumu yakasimama.

"Ishike."

Hakutaka. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na mwanamume atakataaje kushika rimoti mbele ya wenzake? Akaishika. Kushoto kulia, kushoto kulia. Akaiweka, tuli. Koleo akaichukua akampa kinyozi, tuli. Akampa utingo, tuli. Akairudisha mkononi mwa kaka yake, na magurudumu yakaanza tena, na safari hii Usukani hakuyatazama. Alitazama mkono wake. Kinyozi, mtu asiyekosa neno, alitazama viatu vyake. Msimamizi wa yadi alikuwa ameshaona.

"Umemaliza?" Usukani aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimemaliza."

"Ungeniambia nyumbani."

"Nilikuambia nyumbani, kaka."

Alimgeukia mkewe. Yule mama alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. Usukani akaiweka rimoti mezani polepole sana, akaondoka kwa miguu, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Jumatatu walichukua funguo zake, kwa adabu, wakampa mkono. Dereva mwingine alikwenda milimani akarudi salama. Lori halikupinduka, moto haukuwaka, mtu hakufa. Na hilo ndilo lililommaliza Koleo, kwa sababu ajali ambayo haikutokea haina shahidi. Watu walichokiona wao ni dada aliyemvua kaka yake nguo hadharani, kaka aliyemsomesha. Sokoni walinyamaza akipita. Wengine walisema alimtilia kaka yake sevo mbovu makusudi, na akitaka kukanusha alikumbuka kwamba ni kweli. Asante ya punda, walisema, na mnajua inavyomalizika.

Kila Ijumaa alikwenda kwa kaka yake. Akifika barazani na kupiga hodi, Usukani alinyanyuka akaingia ndani. Hakumtukana wala hakumfukuza. Aliinuka tu, taratibu, akijishika kwenye nguzo, akaingia ndani akaufunga mlango. Koleo alikuwa akikaa kidogo kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto la kaka yake, kisha akaondoka.

Mvua zilipokaribia, wifi alikuja kibandani na mfuko. Ndani mlikuwa na rimoti.

"Amesema hii ni ya mwenye mikono," alisema.

Koleo aliipokea. "Anaendeleaje?"

"Amekubali dawa. Vifungo bado namfunga mimi." Alisimama pale, anavuta ncha ya mtandio wake. Kisha akasema haraka haraka, kama mtu anayetema kitu kinachounguza: "Na mimi nilikuwa silali akiwa njiani. Sasa nalala. Lakini usitegemee nikayasema hayo mbele yake."

"Siwezi kutegemea, wifi."

"Haya." Akaondoka.

Koleo alimtoa Pilipili chini ya meza, akamfuta vumbi, akamweka juu ya kopo la rangi, akawasha. Magurudumu yalikaa tuli. Aliyatazama muda mrefu, akitamani yatetemeke hata kidogo, apate waya wa kuushuku. Akazungusha kushoto, yakaenda kushoto. Akazungusha kulia, yakaenda kulia, yakarudi katikati, yakasimama. Kazi safi, haikuwa na pa kurekebisha. Lakini yeye kuunda ndiko alikokujua. Kuendesha hakuwahi kujifunza.